Ekari Bila Kiwanda

Mpango mmoja wa mwanzo wa serikali wa kugawa ardhi Kericho haukulengwa kwa maskini wa Kericho. Mwaka 1919, mara tu Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilimega takriban ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis na kuzitenga kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Walitakiwa walime kitani, zao ambalo wakati huo lilikuwa na bei ya kuvutia Ulaya. Wageni hao walipewa kila kitu ambacho mwombaji wa shamba angekitamani: udongo mwekundu wenye rutuba, mvua ya karibu mwaka mzima, serikali iliyowaonea huruma, na umma wa kwao uliowatakia heri. Bei ya kitani ikaporomoka, na katika muda wa miaka michache mpango mzima ukavunjika. Sehemu kubwa ya ardhi ile iliangukia mikononi mwa kampuni za chai, James Finlay miongoni mwao, na leo imefunikwa na mashamba ya chai ambayo msafiri wa barabara ya Kericho huyaona hadi upeo wa macho. Udongo haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba zao jipya lilikuja na kiwanda, mtaji wa kusubiri miche ikomae, barabara ya kufikisha majani kiwandani na mnunuzi aliyejulikana mapema.

Kisa hicho kina uzito hadi leo, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka 60 serikali za Kenya zimekuwa zikijibu umaskini wa mashambani kwa neno moja, skimu. Uchaguzi unapokaribia, skwota huahidiwa makazi na hati miliki. Mafuriko, mapigano au ubomoaji ukitokea, jibu ni kutafuta kipande cha ardhi mahali fulani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeipa serikali wajibu wa kuwapa makazi skwota na waliohamishwa kwa sababu mbalimbali, na hakuna mwenye moyo atakayeupinga wajibu huo. Lakini historia ya Kericho na Bomet, ikisomwa kwa utulivu, inaonyesha kwamba ekari yenyewe haijawahi kumtoa mtu katika umaskini. Kaya zilizonyanyuka katika kaunti hizi mbili zilinyanyuliwa na ekari iliyounganishwa na kiwanda, barabara na soko, na ambayo umiliki wake haukuwa na mpinzani. Skimu zilizokosa kimojawapo cha vitu hivyo ziliwarudisha watu palepale walipoanzia, na nyingine ziliwaacha chini zaidi.

Kwanza tukumbuke ni kwa nini kuna watu wasio na ardhi katika nchi yenye rutuba kiasi hiki. Sheria za ardhi za kikoloni za mwaka 1902 na 1915 ziliigeuza ardhi ya wenyeji kuwa mali ya Ufalme wa Uingereza, na ile ya pili ikaruhusu walowezi wakodishiwe kwa miaka 999. Wakipsigis wakabanwa ndani ya hifadhi yao, na waliobaki nje wakawa skwota kwenye mashamba yaliyokuwa malisho ya baba zao. Ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kiroho na wa kisiasa wa jamii hiyo, uliadhibiwa zaidi ya wengine. Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa, na mamia ya watu, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, eneo la joto, mbung'o na malaria. Wazao wao waliporudi, nchi ilikuwa imeshagawanywa. Umaskini wa namna hii ulitokana na uamuzi wa serikali, na ndiyo maana ni haki serikali idaiwe jibu.

Jibu kubwa la kwanza lilikuja uhuru ukibisha hodi. Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962 kwa fedha zilizotoka hasa Uingereza, ulinunua mashamba ya walowezi na kuwagawia Waafrika. Kufikia mwisho wake ulikuwa umegusa zaidi ya ekari milioni moja na kuweka kaya zipatazo 35,000. Katika nchi hii ya chai, mashamba ya walowezi wa Sotik yalikatwa, mengine yakaenda kwa Wakipsigis na mengine kwa Wagusii upande wa Nyansiongo, ambako leo ni Borabu katika Kaunti ya Nyamira. Jambo ambalo husahaulika mara nyingi ni kwamba ardhi hiyo haikutolewa bure. Mlowezi alilipwa fedha taslimu, naye mkulima mpya akapewa deni la ardhi la miaka 30 kwa riba iliyozidi asilimia 6, pamoja na deni jingine la kununulia ng'ombe, waya na mbegu. Katika skimu za mashamba madogo, mipango ya serikali ilikadiria kwamba baadhi ya familia zingebaki na pauni 25 tu kwa mwaka baada ya kujilisha na kulipa deni. Mtu aliyeanza maisha mapya kwa matarajio madogo hivyo hakuwa na nafasi ya kuhimili msimu mmoja mbaya. Haishangazi kwamba muongo wa 1960 haukuisha kabla ya malimbikizo ya madeni kuwa tatizo la taifa.

Hata hivyo kuna skimu zilizofaulu, na kinachozitenganisha na nyingine ndicho kiini cha hoja yangu. Huko Nyansiongo wakulima walipata mashamba makubwa kuliko ya ndugu zao waliobaki nyanda za juu za Kisii, na baadaye kikajengwa kiwanda cha chai kinachobeba jina la mahali hapo. Maziwa na majani mabichi yakawa na pa kwenda. Mkulima anayelipwa kila mwezi anaweza kulipa deni, kusomesha mtoto na kukarabati boma. Mwenye ekari zilezile za mahindi huuza mara moja kwa mwaka, wakati kila jirani naye anauza, na bei imelala. Tofauti kati yao ni mtiririko wa fedha. Hati miliki zao zinafanana.

Ushahidi mzito zaidi hauko kwenye skimu yoyote, uko ndani ya iliyokuwa hifadhi ya Wakipsigis, ambako watu hawakugawiwa hata futi moja ya ardhi mpya. Kwa miaka mingi ya ukoloni chai ilikuwa zao la kampuni na walowezi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulifungua mlango kwa Waafrika kulima mazao ya biashara, na mwaka 1964 ikaanzishwa mamlaka ya maendeleo ya chai, KTDA, iliyorithi chombo kilichoundwa mwaka 1960. Utaratibu wake ulieleweka na kila mtu. Mkulima alipewa miche na mbolea kwa mkopo, gharama ikakatwa kidogo kidogo kwenye majani yake. Maofisa walimfundisha kuchuma majani mawili na kichipukizi na kukataa majani magumu. Kituo cha kununulia kiliwekwa mahali anapoweza kufika na kikapu mgongoni, na lori likapita siku hiyohiyo, kwa kuwa majani mabichi yakikaa yanaungua kwa joto lake yenyewe na kuharibika. Inahitajika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyosindikwa, kwa hiyo hakuna faida ya kuyasafirisha mbali. Lazima kiwanda kije kwa mkulima. Ndivyo yalivyoibuka majina ambayo kila mwenyeji anayajua: Litein, Kapkatet, Momul, Tegat, Mogogosiek, Kapset, Tirgaga. Na kwa sababu lori halipiti kwenye tope la kiuno, barabara za chai zikafunguliwa, zikawa pia barabara za shule, za zahanati na za wauza maziwa. Leo wakulima wadogo zaidi ya 600,000 nchini Kenya wanakuza zaidi ya nusu ya chai yote ya taifa, wengi wao kwenye vipande visivyofika hata ekari moja. Hakuna skimu ya kugawa ardhi iliyowahi kuzifikia familia nyingi kiasi hicho.

Atakayesema kwamba nalinganisha wasiolingana ana haki ya kusikilizwa. Mkulima wa Litein tayari alikuwa na shamba la kupandia chai, skwota hana. Huwezi kumpa kiwanda mtu asiye na mahali pa kupanda mche mmoja. Nakubali kabisa, wala sisemi kwamba ardhi haina maana. Nasema kwamba serikali imezoea kuhesabu kazi yake kuwa imekwisha pale hati inapokabidhiwa na picha kupigwa, ilhali kwa mkulima kazi ndiyo kwanza inaanza. Na tabia hiyo ya kuhesabu hati imeleta madhara makubwa zaidi, kwa kuwa inamshawishi mtawala atafute ardhi iliyo rahisi kugawa badala ya ardhi inayofaa kugawiwa. Ardhi iliyo rahisi kugawa kuliko zote ni msitu. Hauna kampuni itakayoenda mahakamani, hauna mlowezi wa kulipwa fidia, na mti hauna kura.

Msitu wa Mau Kusini Magharibi unapakana na mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Mwaka 1986 serikali iliunda shirika la Nyayo Tea Zones ili lipande ukanda wa chai kandokando ya misitu, chai yenyewe iwe ukuta wa kuzuia watu wasiingie. Miaka 15 baadaye, Oktoba 2001, utawala uleule ulitangaza kuondoa maelfu ya hekta kwenye hifadhi za misitu nchini, na kwa Mau Kusini Magharibi peke yake zilikatwa takriban hekta 22,800. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwapa makazi Waogiek, wenyeji wa asili wa msitu huo, na wasio na ardhi. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilipotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi za skimu nchini zilivyoishia kwa maofisa, wanasiasa na jamaa zao, huku waliokusudiwa wakipata masalio. Maskini waliobahatika walipewa karatasi halali kwa macho, wakauza ng'ombe, wakajenga, wakapanda. Novemba 2009 serikali nyingine ikaanza kufurusha watu msituni. Familia zikalala kandokando ya barabara, kwenye mahema ya karatasi za plastiki, katika baridi ya Mau. Mwaka 2018 na 2019 mambo hayo yakajirudia upande wa Maasai Mau katika Kaunti ya Narok, ambako wengi wa waliofukuzwa walikuwa wametoka Bomet na Kericho kununua mashamba waliyoamini yana hati safi. Waogiek, ambao jina lao lilitumika kufungulia msitu, walilazimika kwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyotoa hukumu ya kuwapa haki Mei 2017 na kuamuru walipwe fidia Juni 2022.

Ubaya wa skimu za msituni unafika hata kwa mkulima wa chai ambaye hajawahi kukanyaga Mau. Chai ya Kericho na Bomet inategemea mvua isiyokatika na ukungu unaotokana na msitu ule. Mito inayolisha eneo hili inaanzia huko: Kipsonoi na Itare zinazokwenda kuungana na Sondu, na Nyangores inayopita Bomet ikielekea Mara. Kukata msitu ili kumpa maskini mmoja shamba la mahindi ni kuhatarisha majani ya maskini mwingine aliye bondeni. Mtetezi wa ugawaji wa 2001 angeweza kusema watu hawali miti. Ni kweli, lakini wanakula kwa fedha ya majani, na majani yanataka mvua. Lawama, hata hivyo, isiangushwe juu ya waliofukuzwa. Mtu aliyepokea hati kutoka ofisi ya serikali hakuwa na njia ya kujua kwamba serikali ijayo ingeikana. Alistahili ardhi mbadala au fidia, na kumwondoa bila kimoja kati ya hivyo kulimrudisha chini ya pale alipokuwa kabla ya skimu.

Basi ikiwa si msitu, kwa nini isiwe mashamba makubwa ya chai? Hili ndilo swali linalochemka Kericho, na wanaoliuliza wana hoja yenye nguvu. Mashamba hayo ndiyo yaliyonyang'anywa, na wakulima wadogo wamethibitisha kwamba wanaweza kukuza chai bora bila meneja wa kampuni. Kwa nini yasikatwe yagawiwe? Hapa lazima hesabu ifanywe bila kuogopana. Sensa ya 2019 ilipata watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet, yaani kaya zinazokaribia 400,000. Tuchukue kwa mfano tu kwamba zingepatikana ekari 100,000 za kugawa. Kila kaya ingepata robo ekari, na hiyo ni kabla ya mirathi ya kizazi kimoja kuikata vipande vinne. Ukichagua wachache ili kila mmoja apate ekari mbili, zitaridhika kaya 50,000 na zitabaki 350,000 zikiuliza ni nani aliyechagua. Nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali za kampuni zingekosa wa kuziendesha, na wachumaji ambao si wenyeji wa kaunti hizi wangekuwa skwota wapya. Tukumbuke kwamba ajira yenyewe tayari imetikisika: Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho na watu waliohofia kwamba mikono yao haitahitajika tena.

Pingamizi zito zaidi halihusu hesabu hata kidogo. Wazee wa Talai na mawakili wao husema hawakuja kuomba kupunguziwa umaskini. Wamekuja kudai mali yao. Mtu aliyeibiwa hapangiwi namna ya kukitumia kitu chake kikirudi. Naliona pingamizi hili kuwa sahihi, na ndilo linalonifanya niamini kwamba tumekuwa tukichanganya madeni mawili. Deni la waliodhulumiwa ni la umiliki. Deni la maskini wote, wakiwemo wasio na dai lolote la kihistoria, ni la kipato. Skimu ya kawaida hujaribu kuyalipa yote mawili kwa kipande kimoja cha ardhi, na matokeo yake hailipi lolote kikamilifu. Yakitenganishwa, njia inaonekana. Katiba ya 2010 imefuta lizi za miaka 999 kwa wasio raia na kuweka ukomo wa miaka 99. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali madai ya jamii za Kericho na Bomet na kupendekeza mashamba yapimwe upya, ziada ikabidhiwe kwa niaba ya jamii, na kodi ya ardhi ipandishwe. Mapendekezo hayo yalipingwa mahakamani, lakini mantiki yake ni nzuri: umiliki wa mwisho urudi kwa wenyewe, na anayetaka kulima chai juu yake alipe kodi ya kweli kwa wenyewe hao. Kampuni inabaki mpangaji, kiwanda hakivunjwi, na mwenye ardhi anajulikana.

Mfano mdogo umeshaanza. James Finlay ilipouza biashara yake ya chai Kenya kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka mwaka 2023, makubaliano yalitenga asilimia 15 ya hisa kwa ajili ya ushirika wa jamii. Asilimia 15 ni kidogo mno ukilinganisha na dai lenyewe, na kununua hisa si sawa na kurudishiwa. Ila mlango umefunguliwa, na unaweza kupanuliwa lizi zitakapofika mezani. Wapo watakaosema gawio litaliwa na viongozi wa ushirika. Hofu hiyo ina misingi yote, lakini ripoti ya Ndung'u inaonyesha kwamba ardhi nayo iliwahi kuliwa, tena ikiliwa hairudi, ilhali gawio la mwaka huu likiibwa la mwakani bado linaweza kulindwa. Kinga yake inajulikana vijijini: orodha ya wanachama ibandikwe hadharani kila kata, na malipo yapelekwe moja kwa moja kwenye simu ya kila mwanachama, jinsi wakulima wengi wanavyopokea malipo mengine ya maisha yao. Na mwanachama awe mtu mzima, mwanamume na mwanamke kila mmoja kwa jina lake. Katika mashamba mengi ya chai namba ya mkulima iko kwa jina la mume, mke ndiye anayechuma, na siku ya bonasi mke hajui kilicholipwa. Skimu za miaka ya 1960 zilifanya kosa hilohilo kwa kuandika hati kwa jina la baba peke yake. Mpango mpya hauna sababu ya kulirithi.

Nisionekane nikisema kiwanda kikishakuwepo mambo yamekwisha. Wakulima wa Kericho na Bomet wamelalamika kwa miaka mingi kwamba bonasi zao ni ndogo kuliko za wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Serikali ilipoweka bei ya chini kabisa kwenye mnada wa Mombasa mwaka 2021, kwa nia ya kuwalinda, chai nyingi ya magharibi ilikosa wanunuzi ikabaki maghalani. Madeni ya viwanda, ubora wa uchumaji na uendeshaji wa bodi vyote vina sehemu yake. Lakini malalamiko haya yanaunga mkono hoja badala ya kuibomoa. Mkulima mwenye ekari zake, hati yake na mche wake wa miaka 30 bado anaweza kurudi kwenye umaskini ikiwa mnyororo baada ya kituo cha kununulia umeoza. Shilingi ya serikali inayotumiwa kusafisha hesabu za kiwanda kimoja huenda ikafikia maskini wengi kuliko shilingi inayotumiwa kupima skimu mpya.

Kwa hiyo skimu yoyote itakayotangazwa katika kaunti hizi ipimwe kwa maswali ya wazi kabla ya bendera kupandishwa. Ardhi imetoka wapi, na je, kuna mtu au msitu wenye dai juu yake? Kila kaya itapata eneo la kuiwezesha kuishi, au robo ekari ya kujengea tu? Kama ni ya kujengea tu, iitwe hivyo, na kipato kitafutwe mahali pengine. Majani, maziwa au viazi vitauzwa wapi mwezi wa kwanza? Nani ataandikwa kwenye hati? Na kwa wazao wa Talai wanaoishi pembezoni mwa mji wa Kericho kwenye vipande visivyotosha hata kuzika wazee wao, kuna jambo moja lisilohitaji kusubiri lizi kuisha wala kesi kumalizika: kupimiwa makazi ya kudumu mjini na pembeni ya mji, na kupewa hati zisizoweza kufutwa na serikali ijayo. Ardhi ya kutosha kwa hilo ipo, na idadi ya familia hizo inaweza kuhesabiwa ndani ya kata chache.